Pasi ya Mama na Redio ya Baba

Nikisikia harufu ya kitambaa chenye unyevu kikipigwa pasi, moyo wangu hautulii. Narudi Kasongo, wakati wa Wabelgiji, katika nyumba yetu, mojawapo ya zile chache zilizokuwa na umeme. Baba alikuwa karani. Bili ya umeme ilipopanda, alimgeukia Mama.

"Mama Tereza, pasi yako njo inakula umeme yote. Tutaiuza."

 Kila Jumamosi Mama alipiga pasi mashati ya watu kwa saa mbili, na pesa ile ndiyo iliyoninunulia madaftari. Mimi, huyo Tereza, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliona shule ikiniponyoka. Sikuweza kutulia. Nilikwenda kwenye mita ukutani kutazama kisahani chake kikizunguka, nikarudi, nikaenda tena.

Fundi alipokuja kusoma mita, nilimwuliza umeme unahesabiwaje.

"Soma wati nyuma ya kila kyombo, uzidishe na masaa," akasema. "Ikifika elfu moja, njo munalipa kipimo kimoja."

Pasi ilikuwa wati mia tano, kwa saa mbili: elfu moja kwa juma. Redio ya Baba ilikuwa wati sitini tu, lakini aliifungulia kwa saa tano kila siku. Nilirudia hesabu mara tatu. Elfu mbili na mia moja kwa juma.

Nilimpa Baba karatasi ya hesabu. Akaisoma, akachomoa waya wa redio, akatoka nje.

Niwaambie kweli, nilifurahi. Lakini siku tatu nzima Baba alizunguka uani, ugali wake ukipoa mezani. Siku ya nne Mama aliichomeka redio mwenyewe, kisha akaiweka kando pasi ya umeme na kuwasha ya makaa.

"Mama, hesabu yangu iko sawa," nikalalamika.

"Iko sawa, mwanangu. Lakini baba yako iko na mudogo wake anaishi Leopoldville, na kule watu wanapigana."

Mashati aliendelea kuyapiga, polepole zaidi, viganja vikimtoka malengelenge. Nilimkasirikia kwa miezi.

Miaka mingi baadaye mwanangu alikwama katika mji wenye vita, nami nikashinda mbele ya redio, siwezi kula wala kuongea. Ndipo nilipojua kwamba Baba alikuwa akiogopa, na kwamba nyumbani kwetu ni Mama peke yake aliyekuwa ameliona hilo.