Kaa Kwanza

Zahanati imeagiza, kwa maandishi na muhuri, kwamba fundi cherehani wa mtaa wetu asipewe habari yoyote kabla hajaketi. Tangu tairi la lori lilipopasuka nyuma ya kibanda chake, kwenye foleni ya mpakani, moyo humwenda mbio kila anaposhtuka. Hapo hubonyeza kifundo cha mkono kwa vidole viwili na kuhesabu, uso mzito, kama anayeupimia moyo suruali. Kisha huvuta pumzi na kuitoa taratibu, kama anayepoza chai. Jana jirani yake, Shamimu, alifika mbio, simu mkononi.

“Baba, kaa kwanza.”

Huku kwetu anayekwambia ukae kwanza amekuletea msiba. Mkasi ulimponyoka.

“Nani amekufa?”

“Kaa, baba.”

“Sema, mama, kabla misiba haijawa miwili!”

Alikaa, kifua amekishika, jasho likimtoka.

“Mwanao Tukuswiga kajifungua salama, kule Ibaba.”

Mapigo yalichukua nusu saa kutulia. Kwamba ni mapacha, Shamimu alikumbuka akiwa ameshaondoka, akampigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa amesimama, pasi ya mkaa mkononi. Alijipima; mapigo yalikuwa sawa.