Driwaru Akataa Kutia Saini

Driwaru wa Manibe alijifunzia umeme ukimbizini, upande wa Zaire, baada ya vita vya 1979 kuivusha familia yake mpaka. Baba yake alikuwa fundi wa umeme jeshini. Hakuwa na mtoto wa kiume, wala hakulalamika. Alimfundisha binti aliyekuwepo. Waliporudi Arua watu wakamwita Mama Waya, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Wote aliwaitikia.

Mwaka 1996 shirika moja la misaada lilijenga chumba cha kompyuta mjini. Sakafu yake ilikuwa ya vibao vilivyoinuliwa juu ya miguu ya chuma, ili waya zipite chini na feni ipulize hewa humo kupoza mitambo ya mtandao. Mkandarasi, Mzee Dramadri, alimpa Driwaru kazi ya umeme. Mabomba ya chuma ya kupitishia waya yalipochelewa, mzee akatuma watu wengine wakatandaza chini ya vibao ekstensheni za kuchomekea pasi, moja ndani ya nyingine. Kisha akamletea Driwaru fomu ya kuthibitisha kwamba kazi imefuata kanuni.

Driwaru alifunua kibao, akachungulia, akairudisha kalamu. Alieleza kwamba waya laini namna ile hazifichwi chini ya sakafu. Zikichubuka hakuna atakayejua, na zikishika moto, feni itausukuma moshi chumba kizima.

“Chini iko giza, binti yangu,” Dramadri alisema kwa upole. “Nani ataona?”

“Mimi nimeona, mzee. Jina yangu haiwezi kukaa juu ya hii kitu.”

Dramadri akamwachisha kazi palepale. Driwaru hakuondoka. Aliketi ukingoni mwa lile tundu, miguu ndani, sakafu isipate kufungwa. Mafundi wawili waliambiwa wamtoe. Wakatazamana, wakaenda kunywa chai.

Mchana akaja mkuu wa ofisi ya shirika, Viktoria, mama wa Koboko asiyependa maneno mengi. Driwaru hakubishana naye. Alimwomba tu mitambo yote iwashwe pamoja. Haikupita nusu saa, plagi moja chini ya vibao ikaanza kunuka na kulainika. Viktoria akaamuru umeme ukatwe na kila ekstensheni itolewe. Chumba kikasubiri mabomba wiki tatu, na Driwaru ndiye aliyeyafunga.

Dramadri hakumpa kazi tena, akawaonya na wakandarasi wenzake. Driwaru akafungua kibanda cha ufundi mtaani Awindiri, wateja wakija mmojammoja. Jamaa zake wakamsihi akamwombe mzee radhi. Aliwajibu kwamba radhi anaweza kuomba, ila kosa hajaliona.