Galgalo Aliyekosekana Kwenye Orodha

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilipokaa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya shule moja upande wa Garbatulla, viatu vimejaa vumbi, nikaulizwa swali la maneno matatu na nikajibu kwa maneno mawili. Ni hayo mawili ninayotaka kukueleza leo, kabla hujaenda kuchukua kitambulisho.

Najua utacheka. Nina miaka ishirini na saba, sina unywele mweupe hata mmoja, na hapa nakuita mwanangu kama mzee wa baraza. Nimelifikiria hilo kwa siku mbili. Lakini wewe, Ibrahim, ni mtoto wa ndugu yangu Hassan, na kwetu mtoto wa ndugu ni wangu pia, kwa hivyo nimejipa ruhusa. Tena wewe ndiye uliyeanza. Juzi ulinisimamisha karibu na duka la nafaka ukaniambia, "Baba mdogo, kwa fomu ya kitambulisho si niandike tu Galgalo mwishoni? Hiyo jina iko na uzito hapa Isiolo." Nikasema nitafikiria. Unanijua. Nikisema nitafikiria, nafikiria mpaka chai inapoa. Hili ndilo jibu langu.

Huo uzito unaousema niliwahi kuupima mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimemaliza chuo na digrii ya ualimu, hesabu na jiografia, nikarudi mtaani kwetu Bulla Pesa, hapa Isiolo, na kukaa mwaka mzima bila kazi. Kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi nikakaa. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi akikosa kazi hujitafutia moja ya kichwani, na yangu ilikuwa hii: nilinunua daftari, na juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika jina langu la mwisho, Galgalo. Chini yake nikaanza kuorodhesha kila mtu na kila kitu chenye jina hilo.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Galgalo, marehemu, aliyefundisha nusu ya watu wazima wa upande wa Garbatulla na kuwachapa nusu nyingine. Wa pili alikuwa Galgalo wa redio, yule anayesoma habari kwa Kiborana kwa sauti kama ya mtu aliyeshiba. Nikamtia Galgalo kipa, aliyewahi kudaka penalti tatu kwenye mechi moja, ingawa wengine wanasema ni mbili. Nikaandika duka la dawa la Galgalo karibu na msikiti, kisima cha Galgalo njia ya Kinna, na lile lori la buluu lenye maandishi GALGALO juu ya kioo cha mbele. Pale soko la mifugo kulikuwa na ngamia dume wa jina hilo, maarufu kwa kuuma watu. Huyo nilimwandika kwa penseli.

Nilifika kumi na moja pamoja na ngamia. Kila nikisoma orodha ile, kifua changu kilipanuka kidogo. Nilijiambia: mtu mwenye jina hili hawezi kukaa bila kazi milele.

Basi ikatangazwa nafasi ya mwalimu wa hesabu katika shule ile, mwalimu wa kuajiriwa na bodi. Tulioitwa kuhojiwa siku hiyo tulikuwa wengi. Kwenye benchi la nje nilikaa karibu na dada mmoja wa Kinna, ameshika faili ya kijani, ananong'ona kanuni za hesabu midomo ikichezacheza. Aliingia kabla yangu. Alitoka upesi mno.

"Wamekuuliza nini?" nikamwuliza.

"Maswali mawili tu," akasema. "La pili ni kama nimeolewa."

Nikaingia. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Halake, alikuwa na karatasi zangu mbele yake. Hakuangalia alama. Kidole chake kilishuka polepole juu ya jina langu, Yusuf, kikapita Jarso, kikasimama mwishoni.

"Galgalo wa mwalimu?" akauliza.

Hayo ndiyo maneno matatu. Nilikuwa na kama sekunde mbili za kujibu, na sekunde hizo nimezifikiria kwa miaka mitatu. Ningeweza kusema hapana. Nilijua ni hapana. Nikatabasamu nikasema, "Watu wetu."

"Si ungesema tangu mwanzo!" Mzee Halake akapiga meza mpaka kikombe kikaruka. "Huyo mwalimu alinichapa kila Ijumaa kwa sababu ya hesabu. Kila Ijumaa! Sasa mtoto wake atawafundisha wanangu. Wewe usiwachape lakini, sawa? Deni lilishalipwa na makalio yangu."

Bodi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Nikaambiwa nianze Jumatatu. Mwalimu mkuu akanisindikiza nje, akanionyesha jengo jipya la kulia chakula ambalo rangi yake haijakauka vizuri. Lingepewa jina la Mwalimu Galgalo mwezi uliofuata, na mimi, akasema, ningesimama kuzungumza kwa niaba ya familia.

Njia nzima ya kurudi nilijitetea, na hakuna aliyekuwa amenishtaki. Nilijiambia kwamba sikusema ni baba yangu. Kwamba Waborana wote ni watu wetu. Kwamba hata watu wa dunia ni watu wetu, ukitazama mbali. Nina kipawa hicho, mwanangu, na nadhani umekirithi: cha kuligeuzageuza jambo mpaka linakaa upande unaoupenda.

Nilifika nyumbani jua likishuka. Akko, nyanya yangu aliyenilea na ambaye mwaka jana tulimzika sote pamoja, alikuwa uani anakaanga buni za kahawa kwa samli, zile tunazotafuna. Nikamwambia nimepata kazi. Akashukuru Mungu, akaniombea, akaniwekea buni mkononi zingali moto. Kwa furaha nikaleta daftari. Nilitaka asikie tulivyo wengi na tulivyo wakubwa.

Nikasoma yote kumi na moja. Aliposikia habari ya ngamia alicheka. Kisha akageuza buni.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, polepole, nikidhani masikio yamemchoka.

"Mume wangu hayumo," akasema.

Mwanangu, sijui kama umewahi kusikia kitu kidogo kikivunjika ndani yako. Galgalo ni babu yangu. Ni yeye aliyemzaa Jarso, baba yangu na babu yako. Jina lile lipo mwishoni mwa jina langu kwa sababu yake na si kwa sababu ya mtu mwingine yeyote, na nilikuwa nimeorodhesha duka, lori na mnyama anayeuma, nikamsahau. Au tuseme ukweli, kwa kuwa nimeamua kuusema: sikumsahau. Sikuona cha kuandika. Alikuwa mswagaji. Aliwaswagia watu mifugo yao kwa miguu kutoka Garbatulla hadi soko la Isiolo, kisha akarudi kwa miguu. Hakuna jengo lenye jina lake.

"Hao wote uliowasoma," Akko akasema, "unajua jina lao linasema nini? Linasema kulikuwa na jioni. Basi. Mama mmoja alijifungua wakati ng'ombe wanarudi nyumbani, mtoto akaitwa Galgalo. Mama mwingine huko mbali, jioni nyingine, naye hivyohivyo. Wewe umekusanya jioni za watu ukadhani ni ukoo."

Nikamweleza ya Mzee Halake, nikitumaini atacheka tena. Hakucheka. Akauliza nilimjibu nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia: watu wetu.

Akaepua sufuria.

"Babu yako," akasema, "kila jioni alisimama kwenye mlango wa boma, wanyama wakipita mmoja mmoja. Porini mifugo huchanganyika. Mara nyingi aliingia mmoja wa mwenyewe mwingine, na yeye alimjua hata kabla hajaona alama ya moto. Alimgusa mgongoni akasema: huyu si wetu. Asubuhi alimrudisha. Mwaka ule wa ukame, wetu wote walipokwisha, aliingia mtamba mmoja mnene, sijui alitoka wapi. Watoto walikuwa na njaa. Nilimwambia, Galgalo, mwache, Mungu amemleta. Akasema huyu si wetu. Alitembea naye siku mbili." Akanitazama. "Sikumsemesha wiki nzima. Na sasa mjukuu wake anasimama mlangoni na kuita kila kinachopita chetu."

Akaingia ndani. Hakuniambia nifanye nini. Wazee wetu wakikukasirikia kweli, hawakupi maagizo.

Alhamisi nilirudi shuleni. Nakwambia ukweli, mara tatu nilitaka kugeuza njiani. Nilimkuta Mzee Halake na wanabodi wengine wawili wakikagua lile jengo jipya.

"Mwalimu!" akaita. "Umewahi sana. Tulisema Jumatatu."

"Mzee, nimekuja kurudisha kitu."

"Umechukua nini, chaki?" Wenzake wakacheka.

"Jina," nikasema. "Mimi si wa Mwalimu Galgalo. Hatuna undugu. Babu yangu alikuwa Galgalo mwingine."

"Galgalo yupi?"

"Galgalo Wako."

"Wangu?"

"Hapana, mzee. Wako ni jina la baba yake. Galgalo Wako. Alikuwa mswagaji."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Halake akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena.

"Kwa hivyo ulinidanganya."

Nilikuwa nimeandaa sentensi tatu za kujitetea, nzuri sana, zimepangwa. Nikaziacha. "Ndiyo, mzee. Nilikudanganya."

"Huyo Galgalo Wako simjui," akasema.

"Najua humjui. Ndiyo maana nimekuja kumtaja."

"Haya," akasema. "Tutakupigia."

Hawakupiga, mwanangu. Sitaki kukudanganya kwamba mtu akisema kweli anapewa kiti papo hapo. Kazi alipewa yule dada wa faili ya kijani, na nasikia ni mwalimu hodari kweli. Kila nikikumbuka kwamba nilikaribia kumpokonya kwa maneno mawili, jasho linanitoka. Mimi nilikaa miezi minane mingine na shati langu la pasi. Wenzangu walinitania. "Msomi amerudisha kazi kama mtu anayerudisha shati limembana!" Baadhi ya siku niliona wana haki.

Lakini jambo moja lilibadilika. Wasiwasi sikupona, ninao hata sasa, ila nilijua nimesimama wapi. Shule ya Kinna ninakofundisha leo waliponiita, nao waliuliza lilelile: Galgalo wa mwalimu? Nikasema hapana, wa Galgalo Wako, mswagaji. Mwenyekiti akasema haya, na hesabu unaweza kufundisha? Nikasema naweza. Tukaendelea na mambo ya hesabu. Nafundisha hapo kwa mkataba wa bodi, na kila muhula nahangaika kama utaongezwa. Lakini sihangaiki nani atanitambua njiani.

Sasa fomu yako. Kwetu jina la mwisho halikai milele. Wewe ni Ibrahim, baba yako ni Hassan, babu yako ni Jarso: Ibrahim Hassan Jarso. Galgalo ameshatoka kwenye mstari, kama Wako alivyotoka kabla yake. Ukimwandika Galgalo hapo utakuwa umemruka Jarso, aliye hai, anayekunywa chai nje ya duka kila asubuhi na redio yake sikioni. Mtazame usoni kwanza, kisha uone kama kalamu itakubali. Najua Jarso si jina la kisima wala la lori. Ni mzee aliyesukuma mkokoteni wa maji miaka mingi ili baba yako na mimi tusome. Andika jina lake kwa herufi kubwa, na afisa akikuuliza Jarso yupi, mwambie bila kutazama chini.

Na hili ulishike, maana mimi nilichelewa kuliona. Nilitumia mwaka mzima nikilihesabia umaarufu jina la mwisho, ambalo sikulifanya mimi na ambalo watoto wangu hawatalibeba. Jina ambalo wajukuu wako wataliandika mwishoni ni lako la kwanza. Kuna mtoto ambaye hajazaliwa atakayekaa kwenye kiti cha plastiki aulizwe: Ibrahim yupi? Jibu lake unalitengeneza wewe, kuanzia wiki hii, kwenye foleni ya kitambulisho. Usimwachie kazi ya kutafuta Ibrahim wa watu. Na likija jambo zuri ambalo si lako, hata kama una njaa, hata kama wote waliopo wanakwambia lichukue, liguse mgongoni useme si letu, ulirudishe. Utapoteza kitu. Mimi nilipoteza. Rudisha tu.

Mungu akupe amani na mvua, mwanangu. Akupe miguu ya kutembea siku mbili ikibidi. Na jioni yako itakapofika, usimame mlangoni bila hofu, kila kilicho chako kiwe kimeingia, na kisicho chako kiwe kimefika kwa mwenyewe.