Kilo Nane za Jumapili

Shahada yangu ni ya lishe ya mifugo, si ya udaktari wa mifugo. Niliwaeleza hivyo siku ya kwanza nilipoingia boma lile la Loresho, lakini mzee anayelisha ng'ombe, mtu wa Kakamega, alikuwa keshaniita daktari. Shosho, yule bibi mwenye boma, aliniita mami. Alikuwa mteja wa duka la vyakula vya mifugo nilikofanya kazi mjini. Ng'ombe wake mmoja, wa mwisho katika zizi aliloachiwa na mumewe, alikuwa amezaa na maziwa yalikuwa haba.

Nilimwandikia aongezewe nafaka ya gunia polepole, hadi kilo nane kwa siku: nusu asubuhi, nusu jioni, majani ya nepia kwanza. Kisha nikaanza kuwaza. Niliwaza ukungu kwenye gunia, mizani iliyoharibika, hata panya. Nilijifungia chooni dukani nikarudia hesabu. Jumapili sikuiwaza.

Jumatatu asubuhi Shosho alinipigia. "Mami, hii ng'ombe imekaa chini na imekataa hata kuniangalia."

Nilimkuta ng'ombe akisaga meno. Kinyesi kilikuwa maji ya kijivu, kikinuka kama uji uliochacha kupita kiasi.

"Jana alikula nini?" nikamuuliza mzee.

"Si ni zile kilo nane zako, daktari?"

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi. Jana kanisani kulikuwa na wageni, tungerudi giza likiingia. Nikaona isilale njaa, nikaiwekea yote. Ilimaliza, ikalamba ndoo."

"Na wewe ukipewa chapati nane unabakisha?" Shosho akamrukia.

"Moja, Shosho. Ya kesho."

Sikuweza kumlaumu mzee. Alimhurumia mnyama, na mimi ndiye niliyeandika kilo bila kuuliza nani hubaki nyumbani Jumapili. Nafaka nyingi kwa mara moja huchachuka ndani ya tumbo kubwa. Asidi huua vijidudu vinavyosaga nyasi, na tumbo husimama. Swali la jambo hilo nililijibu vizuri chuoni, kwenye mtihani.

Daktari wa kweli alikuja saa tano, akamnywesha maji ya magadi, akamdunga sindano tatu. Hakuniuliza nilisomea wapi. "Tumbo likisonga kabla ya jioni, mna ng'ombe," alisema. "Lisiposonga, msijaribu kuchinja. Nyama yenye dawa hailiwi."

Nikapiga magoti, nikabana ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto wa ng'ombe. Kwa ng'ombe mzima, tumbo huisukuma ngumi yako karibu kila dakika. Dakika ya kumi nilihisi kitu, nikashtuka, kumbe ni mapigo ya mkono wangu mwenyewe.

"Imesonga?" Shosho akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Bado."

Mzee alikatakata nepia nyembamba kama sukuma wiki, akaiweka chini ya pua ya ng'ombe. Hakuinusa. Mzee akaisogeza karibu zaidi, kisha akaondoka na kusimama nyuma ya zizi, akitazama ukuta wa maghorofa ya jirani.

Saa kumi na moja Shosho akamwita. "Tafuta watu wa kuchimba shimo."

"Shosho, si bado inapumua?"

"Inapumua, ndiyo. Hapa ardhi ni ngumu. Waanze sasa."

Akanigeukia. "Mami, toa mkono. Umechafuka."

Sikuutoa. Niliogopa kwamba nikiutoa nitakuwa nimekubali kuwa tumbo halitasonga.