Samaki Wafika Lushoto, Jina la Mpishi Labaki Jikoni

Saa kumi na moja alfajiri, stesheni ya Mombo. Garimoshi la kutoka Tanga limekwisha kushusha mizigo na kushika njia ya Moshi, na jukwaani yamebaki makasha manne ya mbao yanayochuruzika maji ya barafu. Bibi Efrazia Shemhilu amepiga magoti mbele ya kasha la kwanza, mikono ya sweta ameikunja hadi viwikoni.

Anatoa changu mmoja, anamfunua mashavu, anachungulia. Anambonyeza ubavuni kwa kidole gumba na kungoja nyama irudi mahali pake. Kisha anamnusa mara mbili.

"Huyu sawa," anasema, anamweka kulia. Wa pili anamsukuma kushoto. "Huyu macho mazuri, tumbo limekwisha. Arudi kwao."

Saidi, mpagazi wa stesheni, anacheka. "Shida ya nini, Mama? Huko juu nani atajua? Watu wa kabichi wale."

"Mimi nitajua. Haitoshi?"

Saidi anashika upande wa pili wa kasha.

Jioni ya leo, Jumamosi ya Oktoba 1973, wakulima sitini wa mboga watafunga mkutano wao wa mwaka kwa chakula katika Hoteli Mvuleni, ile yenye paa la vigae juu kidogo ya mji wa Lushoto. Wiki nzima wamejadili kabichi, karoti na viazi. Mezani hawataki kuviona tena. Wameomba vya baharini: changu wa kuoka, nguru wa kupaka, na kamba.

Bibi Efrazia ndiye atakayewapikia. Lakini katika karatasi za hoteli hiyo hakuna mpishi anayeitwa Efrazia.

"Nina hasira," anamwambia mwandishi, macho yake bado yako kwenye samaki. "Andika hivyohivyo. Usiandike nimechoka. Kuchoka nitalala, kutakwisha."

Ana miaka arobaini na sita na watoto watano, wa kwanza akiitwa Hezekia. Aliingia jikoni Mvuleni mwaka 1954, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, kazi yake ikiwa kumenya viazi vya walowezi waliopanda milima kukimbia joto. Alisoma hadi darasa la pili, kisha akatolewa shule kulea wadogo zake. Mapishi aliyapata kwa kutazama. Mpishi wa wakati ule, mzee wa Pangani, alimfundisha kumjua samaki kwa kidole na pua.

Mzee yule alipokufa mwaka 1958, Efrazia akashika sufuria. Uhuru ulipokuja aliipikia sherehe. Hoteli ilipochukuliwa na umma akaendelea kupika. Wamepita mameneja wanne, na wote wamekula chakula chake. Cheo chake ni kilekile: msaidizi wa jikoni. Mshahara wake ni shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi, sawa na wa msichana aliyeajiriwa juzi kufagia veranda.

Miezi mitano iliyopita nafasi ya mpishi mkuu ilijazwa. Akaletwa Ndugu Silvano kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye cheti cha mapishi. Mikate yake inasifiwa, na supu zake vilevile. Tatizo lake ni moja. Akila kamba au samaki wa baharini midomo inamvimba na pumzi inambana.

"Silvano simlaumu," anasema Bibi Efrazia. "Huyo kaja na cheti chake kama mtu anavyokuja na koti lake. Ninaowalaumu ni waliotazama koti."

Kisa chenyewe kilianza mwezi uliopita, kamati ya maandalizi ilipokuwa ikitafuta mahali pa kulia. Wajumbe watano walikwisha kwenda Tanga, wakaonja katika hoteli mbili kubwa za pwani. Wakaja Mvuleni mwisho, bila matumaini, maana nani angetegemea samaki wa maana juu ya mlima?

Katika kamati alikuwemo Mzee Mbaraka, mkulima wa karoti wa siku nyingi. Sahani zilipowekwa, hakunyoosha mkono. Nyumbani kwao, kama nyumbani kwa Efrazia, aliyewapikia wageni huja mbele yao, akachota kila chungu, akala yeye kwanza wakimwona. Ndipo chakula kinapokuwa halali ya mgeni. Asiyeonja anaweza kuwa amepika vizuri sana, lakini hakuna atakayejua amepika kwa moyo gani.

"Aliyepika yuko wapi?" Mzee Mbaraka akauliza.

Meneja, Ndugu Nikodemo, ambaye naye ni mzaliwa wa milima hiyohiyo ila amekaa sana mjini, akamwita Silvano. Kijana akatoka na kofia yake nyeupe, akatazama sahani ya kamba, akamtazama meneja.

"Mzee wangu, mimi hivi vitu sili. Vinanidhuru."

"Basi umevipikaje?"

Silvano hakutaka kusema uongo. "Aliyepika yuko ndani," akasema.

Hivyo ndivyo Bibi Efrazia alivyotoka jikoni na aproni iliyolowa, akawaamkia wazee, akala kipande cha changu, akala kamba, akachota mchuzi. Mzee Mbaraka akavuta sahani yake karibu. Walikula hata mifupa ikabaki myeupe, na kabla ya kuondoka wakasema jambo limekwisha: wataletwa hapa wote sitini.

Wiki moja baadaye meneja akabandika tangazo mlangoni. Bibi Efrazia alilisoma mwenyewe, kwa sababu amehudhuria darasa la watu wazima kwa miaka miwili, Jumanne na Alhamisi. Lilisema kamati imeichagua Mvuleni "kwa sifa za mpishi wetu Ndugu Silvano, akisaidiwa na watumishi wa jikoni."

"Nililisoma mara tatu," anasema. "Mara ya kwanza nilidhani sijui kusoma. Nikajilaumu, nikasema labda nimeruka mstari. Mara ya tatu nikajua najua kusoma vizuri sana. Bora nisingejua."

Alikwenda ofisini siku ileile. Meneja akamwambia sifa ni za hoteli nzima, tusigombanie vyeo, sote ni ndugu.

"Nikamwuliza, kama sote ni ndugu, mbona ndugu mmoja ana jina na wengine ni watumishi? Akaniambia nitoke, ana simu."

Saa nne asubuhi. Makasha yamepanda mlima kwa lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, na jikoni Mvuleni maji yanachemka. Rehema, msichana wa mwaka wa kwanza kazini, anabandua magamba ya kamba huku akiogopa miguu yao.

"Kitendawili," Bibi Efrazia anamwambia.

"Tega, Mama Hezekia."

"Mzima hana rangi, maiti kavaa nyekundu."

Rehema anafikiri. "Mgomba?"

"Mgomba umeuona wapi ukivaa nyekundu? Nipe mji."

"Nakupa Korogwe."

"Korogwe nimekwenda, nimekuta joto na mbu, watu wamevua mashati hadi kanisani, nimerudi zangu Lushoto kwenye sweta langu. Jibu unalo mkononi, mwanangu. Mtie kwenye maji ya moto umwone."

Rehema anamtumbukiza kamba, anamtazama akigeuka rangi, anacheka hadi anashika tumbo. Bibi Efrazia hacheki. Anakuna nazi kama mtu anayegombana nayo.

Amekwisha kukata shauri, na analitoa kwa sauti ya kawaida. "Nitapika. Wale wakulima hawajanikosea kitu. Nitapika kuliko siku zote. Lakini kutoka kwenda kuonja, sitoki. Aonje aliyeandikwa."

Silvano, anayekanda unga pembeni, anageuka. "Mama, mimi sikuomba kuandikwa."

"Najua, baba. Wewe oka mikate yako."

Saa moja jioni ukumbi umejaa. Wakulima wamenawa, wamekaa, kanzu na makoti yamepigwa pasi. Vyakula vimepangwa katikati ya meza ndefu na harufu ya nazi imefika hadi barabarani. Hakuna anayegusa. Mzee Mbaraka amekaa kwenye kiti cha mbele na mikono yake ameilaza mapajani.

"Tunamngoja mwenye mkono," anasema bila kupaza sauti.

Ndugu Nikodemo anaingia jikoni mbiombio.

"Bibi Efrazia, wanakungoja."

"Wanamngoja mpishi. Mimi msaidizi. Umelisahau tangazo lako?"

"Silvano hawezi, unajua."

"Ndiyo, najua. Wewe pia ulijua ulipokuwa unaandika."

"Unaniaibisha mbele ya wageni wa mikoa mitatu."

"Mimi umeniaibisha mlangoni, mwezi mzima. Watoto wangu wanapita pale wakienda shule, wanasoma."

Meneja anasema jambo la cheo linatoka makao makuu, yeye hana mamlaka. Bibi Efrazia anamjibu kwamba haombi cheo usiku huu. Anaomba ukweli, na kalamu anaiona mfukoni mwa shati.

Ndugu Nikodemo anafuta jasho, anachukua karatasi ya oda, anaandika akiwa ameinamia meza ya kukatia nyama. Anampa. Bibi Efrazia anakaa kwenye kigoda, anasogeza karatasi karibu na taa, anasoma kwa kufuata mistari kwa kidole. Ukumbini kiti kinakwaruza. Mtu anakohoa. Yeye haharakishi.

"Hapa umeandika 'alisaidia kupika.' Nilimsaidia nani?"

"Ni namna tu ya kusema."

"Basi sema namna nyingine."

Meneja anafuta. Anaandika tena. Bibi Efrazia anasoma tena.

"Na hapa umeandika Efrazia peke yake. Efrazia ni wengi Lushoto hii. Nina baba mimi, alinipa jina."

Karatasi ya tatu inasema hivi: "Chakula cha leo kimepikwa na Bibi Efrazia Shemhilu, mpishi wa hoteli hii tangu mwaka 1958." Chini yake kuna sahihi, na juu ya sahihi mhuri wa hoteli. Mhuri ulifuatwa ofisini na Rehema, mbio, maana bila mhuri Bibi Efrazia alikataa kusimama.

Ndipo anaikunja, anaitia kifuani, anafunga aproni safi na kutoka. Anawaamkia wazee. Anaanza na changu, kisha nguru, kisha kamba, anatafuna taratibu mbele ya watu sitini. Hatabasamu. Mzee Mbaraka anamtazama hadi ameze.

"Mama, umepika na hasira," anasema mzee.

"Ndiyo, baba. Ila si yenu."

Mzee anaitikia kwa kichwa, anasema bismillahi, na mikono sitini inashuka kwa pamoja.

Jumapili baada ya misa Bibi Efrazia yuko nyumbani kwake, chini ya mlima wa Magamba, anapanga nguo mbili katika kikapu. Ameomba ruhusa ya siku nne. Meneja amemnyima. Anakwenda hivyohivyo: kesho basi hadi Mombo, kutoka Mombo basi la Dar es Salaam, hadi mlangoni kwa wakubwa wanaogawa vyeo. Mumewe, Fanueli, amemuuliza kama haogopi kufukuzwa kazi.

"Wakinifukuza, watabaki na cheti na mikate," amemjibu.

Anataka cheo cha mpishi mkuu wa vyakula vya baharini, na mshahara wake, kabla mwaka haujakwisha. Silvano abaki na mikate na supu, kazi itoshe wawili. Rehema naye aandikwe mwanafunzi wa upishi, kwa jina lake na la baba yake.

"Nitamwekea karatasi yule nitakayemkuta mezani," anasema, akifunga kikapu kwa kipande cha kanga. "Nitamwambia soma. Akimaliza nimwulize, mtu wa namna hii anaitwa nani? Akiniambia nirudi wiki ijayo, nitakaa palepale kwenye benchi. Mimi kazi yangu kungoja vitu viive, na nikiona mtu anataka kunipa kibichi, namrudishia motoni."