Matapishi ya Bundi

Nikinusa sweta ya sufu iliyolowa ikakosa jua, huziba pua hadi leo. Kwa wengine hiyo ni harufu ya msimu wa mvua tu. Kwangu ni harufu ya matapishi ya bundi, yaliyolowekwa kwenye beseni letu la kuogea nyuma ya stoo ya viazi, kule Elburgon.

Nilikuwa na miaka tisa na niliishi na Shosho, mama yake baba. Babu yangu, Guka, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na bundi aliyekaa kwenye paa la stoo alikuwa ameshahukumiwa. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba hutupiwa kijinga cha moto, aende na mauti yake kwingine. Huyu hakuwa ameondoka, kwa hiyo Anko Mwangi angekuja Jumapili kumuua.

Wiki hiyohiyo walikuja shuleni kwetu watu wa kujitolea kutoka Nakuru, wale wanaozunguka vichakani na darubini shingoni bila kulipwa na mtu. Wakauliza nani anajua bundi anakaa wapi. Mimi na mdomo wangu nikajibu. Jumamosi, mmoja wao, Auntie Violet, karani wa benki kutoka mtaa wa Milimani, mwenye kucha nyekundu, alikuwa amepiga magoti stooni mwetu akiokota madonge meusi na kuyatia kwenye karatasi ya mkate.

"Shosho, hii si mavi," alimwambia nyanya yangu kwa heshima. "Ni mifupa na manyoya. Hawezi kusaga, kwa hivyo anatapika."

Sikuona hiyo ilikuwa nafuu gani.

Aliyaloweka kwenye maji ya moto, kisha akaanza kuyapasua kwa sindano. Manyoya yalitoka yakivutika kama uji uliochacha, na ndani yake vikachungulia vifuvu vyenye meno ya manjano. Chai yangu ya asubuhi ilirudi yote, nikaitapikia kwenye majani ya viazi. Auntie Violet hakushtuka. Alikuwa akipanga mataya juu ya gazeti huku akitabasamu, na nilimchukia kwa tabasamu hilo.

"Panya. Hii pia panya. Hii ni fuko mdogo."

Shosho alikuwa amesimama mbali, leso puani. "Hakuna kitu ingine anakula?"

"Ni hizo tu. Panya wanafuata viazi, na yeye anafuata panya."

"Na usiku akilia juu ya nyumba?"

"Anaita bibi yake, Shosho."

Shosho aliishusha leso puani. Kisha akavuta kigoda, akakunja mikono ya sweta, akatumbukiza vidole vitupu ndani ya beseni lile. Alipasua donge moja, akapasua la pili, akaendelea. Auntie Violet alichoka, akanawa, akanywa chai, na Shosho bado alikuwa akichambua, akiinua kila kimfupa na kuuliza, "Na hii?" Rojo la kijivu lilimjaa kwenye kucha. Jioni alinipakulia mukimo wa viazi vya kupondwa kwa mikono ileile, nami nikalala njaa, nikiwa na hakika kwamba nyanya yangu ameharibika akili.

Anko Mwangi alipofika Jumapili alipewa gunia la viazi, akarudishwa kwake.

Nilikuwa nimeshaolewa Shosho aliponiambia. Usiku Guka alipoanza kuugua, bundi alilia juu ya paa, naye Shosho alimsikia vizuri. Moto ulikuwa bado jikoni. Lakini baridi ya msitu wa Mau ilikuwa kali, akajifunika blanketi, akasema atamfukuza kesho. Mwaka mzima aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mumewe kwa kuogopa baridi.

Bado siwezi kuufikiria uchafu ule bila kutema mate. Ila sasa najua kwa nini hakuacha hata donge moja. Alitaka kuhakikisha, mfupa kwa mfupa, kwamba Guka hayumo.