Laini ya Ndani ya Mkate

Mimi ndiye fundi wa simu kwetu Kitengela, cheo nilichojipa nikiwa kidato cha kwanza, na hakuna aliyepinga. Nilimfungulia mathe, mama yangu, akaunti ya kuhifadhi vitu vyake vya simu. Palipotaka neno la siri, nikaandika utani mrefu kuhusu miguu ya baba. Baba alicheka hadi akakohoa. Palipotaka namba ya kusaidia siku akaunti ikikataa kufunguka, nikaweka yangu.

Halafu nikarudi shule ya bweni, Kajiado, na simu yangu ndani ya mkate nilioutoboa katikati. Mwalimu wa zamu aliupima kwa mkono, akasema huu umeokwa na betri. Simu ikafungiwa kabatini mpaka nimalize kidato cha nne. Laini ikakaa bure miezi mingi, kampuni ikaiuza kwa mtu mwingine. Sikujali. Stori ya mkate ilinipa jina shule nzima.

Mwaka jana baba akafariki. Simu yake ilipewa mjomba, naye akafuta kila kitu kabla hatujafikiria. Zikabaki jumbe za sauti ambazo baba alikuwa akimtumia mathe, tisa tu, za mambo ya unga na geti. Mathe alizisikiliza akikunja nguo. Likizo hii simu yake ikaanguka kwa beseni la kufulia, ikafa.

Akapata nyingine. Nikamwambia atulie, sauti ziko kwa akaunti. Nikaandika ule utani wa miguu, ukakataa. Nikaujaribu kwa kila namna niliyokumbuka, mathe amesimama nyuma yangu akisoma nilivyomchora mumewe. Mwishowe akaunti ikasema imetuma namba ya siri ya tarakimu sita kwa laini yangu. Ile ya mkate.

Nikaipigia. Akapokea mzee, mbuzi wakilia nyuma yake na watu wakibishana bei, nikajua yuko soko la mifugo. Nikamweleza yote, hadi mazishi. Sijawahi kuongea na mtu kwa adabu vile.

"Ero," akasema polepole, kama wanavyoita kijana kwa Kimaasai, "pole kwa baba. Lakini mtoto wangu aliniambia, mtu akipiga anataka hiyo namba, hata akilia, nikate."

Akakata. Nilipopiga tena hakushika, na akaunti ikatufungia kabisa.

Maneno hayo hayo ndiyo niliyomfundisha mathe kuhusu matapeli, nikijisikia profesa.

Mathe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu yule mzee ana mtoto mzuri, akavuta kapu la nguo.

"Si wewe humwigiza baba yako," akasema. "Sema ile ya geti."

Zamani nilimwigiza baba mezani mpaka anishike sikio. Nikasafisha koo, nikaanza. Ikatoka sauti ya mtoto anayejifanya mkubwa. Nikaacha katikati. Mathe alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.